Radhi kwa Watani wa Sindeni

Yasinta alikuwa na kazi ambayo mama yake hakuwahi kuielewa vizuri. Majirani wa Mashewa walipomuuliza Mama Filomena binti yake anafanya nini huko Korogwe mjini, alijibu kwamba anaandika habari za mihogo kwenye simu, kisha akanyamaza, maana na yeye alisikia jinsi jibu lilivyokaa vibaya.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Lilikuwepo shirika dogo la utafiti, ofisi yake Old Korogwe, ambapo mto Pangani ukijaa harufu ya tope huingia hadi madirishani. Watafiti wake walitafuta mbegu ya muhogo inayostahimili michirizi, ule ugonjwa unaoozesha muhogo ardhini huku majani yakiendelea kupendeza. Mashamba yao ya majaribio yalikuwa vijijini, kwenye ardhi ya wakulima wenyewe, mengi upande wa Handeni. Yasinta ndiye aliyeshika ukurasa wa shirika mitandaoni. Alipiga picha, akaandika maneno ya chini yake, akajibu maswali ya watu. Kabla ya hapo alikuwa akisoma matangazo ya vifo redioni, na wazee wengine wa Korogwe walimtambua kwa sauti kabla ya sura. Labda ndiyo sababu aliandika taratibu, kama mtu anayejua kwamba kuna nyumba itakayosikia.

Shirika lilikuwa na mwongozo wa kuposti. Kila andiko lisomwe na watu wawili kabla ya kutoka. Mzaha hapana, siasa hapana. Kifo kitangazwe kwa maneno machache ya heshima. Na mtu yeyote asiwekwe ukurasani, kwa picha wala kwa habari, kabla hajaulizwa. Kipengele hicho cha mwisho alikiandika Yasinta mwenyewe, na alikitimiza kwa namna yake. Alikuwa akichapisha picha kwenye karatasi, anapanda basi la Handeni, anamkuta mkulima shambani au uani kwake, anamwonyesha picha na kumsomea neno kwa neno kile kitakachosemwa juu yake. Watafiti walimcheka kwamba anapoteza siku nzima kwa picha moja. Yeye hakuona kuwa amepoteza kitu.

Hivyo ndivyo alivyofahamiana na Mzee Mhina wa Sindeni.

Mhina alikuwa Mzigua, na Yasinta ni Msambaa, na kwa hesabu ya huko kwao hao ni watani. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kukuita mvivu mbele ya wakwe zako, akakuita mtumwa wake aliyemnunua kwa kibaba cha chumvi, na wewe hukasiriki. Unatafuta la kumrudishia. Siku ya kwanza Yasinta alipofika uani kwa Mhina akainama na kusema shikamoo, mzee alimtazama tangu kichwani hadi viatuni.

"We binti ni wa wapi?"

"Mashewa, mzee."

"Msambaa." Akamgeukia mke wake, Bi Mwantumu, aliyekuwa akimenya mihogo mlangoni. "Mama Husna, ficha kuku. Na huyu sina marahaba ya kumpa. Kwao milimani wanaoga Krismasi kwa Krismasi."

"Mimi ni wa Mashewa, chini, maji tunayo," alisema Yasinta. "Na nimekuja kumwangalia mtumwa wa babu yangu. Nimeambiwa siku hizi amepewa shamba, anajiita mtafiti."

Bi Mwantumu alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Tangu siku hiyo Yasinta hakuhesabiwa mgeni katika nyumba ile. Hakuna aliyemtolea kiti. Akifika, aliambiwa achukue jembe au achochee moto, na kama bada, ugali wa muhogo, imeiva anakula na wengine kwenye sinia moja, huku mzee akilalamika kwamba Wasambaa wana tonge kubwa. Mustafa, mdogo wake Mhina, mtu mrefu mwenye maneno machache, alimwita mjakazi, na kila alipomwita hivyo alimsogezea kipande kinono cha samaki.

Safari moja Yasinta alimpelekea picha yake akiwa amesimama katikati ya mihogo iliyomzidi kimo, anacheka. Akamsomea: "Mzee Mhina wa Sindeni, mkulima wa mfano na mdau wetu muhimu katika utafiti."

"Mdau ni mdudu gani?"

"Ni mtu tunayeshirikiana naye."

"Basi andika hivyo. Andika, Mhina amepalilia kwa sababu mlikuwa mnamwangalia."

"Ofisini hawatakubali, mzee. Mzaha umekatazwa."

"Maneno ya ofisi hayana chumvi," alisema, akairudisha picha kwa ncha za vidole kana kwamba imelowa. Kisha akakubali itoke. Lakini alipokuwa akimsindikiza Yasinta barabarani, akipumua kwa shida maana moyo ulikuwa umeanza kumsumbua, alisimama akashika kiuno. "We mjukuu wa mwenye watumwa. Siku nikifa, usije ukaniandikia mdau muhimu. Husna atanisomea nikiwa kaburini, nitaona haya. Nitanie."

"Nitakutania mpaka jeneza licheke."

"Niahidi."

Yasinta akaahidi. Aliahidi kwa wepesi, kama watu wanavyoahidi mambo wanayodhani yako mbali.

Mhina alifariki mwaka uliofuata, mvua za vuli zilipochelewa, katika alfajiri ya siku ya kazi. Husna, bintiye, alimpigia Yasinta na hakusema mengi. "Mtumwa wenu ametoroka, dada," alisema, kisha akakata simu.

Yasinta alifika Sindeni kabla ya maiti kuoshwa. Alilia njia nzima, lakini alipoiona nyumba alipangusa uso, akafunga kanga kiunoni, akaingia uani akipiga kelele kwamba wapi huyo mvivu, na nani amempa ruhusa ya kulala saa za palizi. Waombolezaji walimpisha. Alilichukua koti kuukuu la Mhina msumarini, akalivaa, akatembea kama alivyotembea yeye, mkono kiunoni, akisimama kila baada ya hatua kukagua mashamba ya wenzake na kuyakosoa. Watoto walicheka. Wanawake waliokuwa wakilia walicheka huku wanalia. Na jeneza lilipotolewa, Yasinta alikaa chini njiani mbele ya wanaume waliolibeba mabegani, akasema hapiti mtu, huyu ni mali ya Wasambaa. Mustafa akaleta kuku jike aliyefungwa miguu, akamweka mapajani mwake. "Haya, mjakazi, chukua kuku wako utupishe. Tunamzika mwenye akili." Akainuka, wakapita. Ndani, kwenye chumba cha mjane, Bi Mwantumu alikuwa amejifunika uso kwa kanga na mabega yanatikisika, na waliokuwa karibu naye walisema baadaye kwamba ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu mumewe aanguke.

Wanaume walipokuwa makaburini, Husna alimfuata Yasinta na simu mkononi. "Baba alisema wewe ndiye utamwandika. Wajomba zangu walioko Mombo, Segera, Dar, wote wanaufuata ule ukurasa. Waandikie leo."

Yasinta alikaa mkekani kando ya Bi Mwantumu, akaandika, akawasomea. Husna akaongeza jambo la jembe. Bi Mwantumu akataka lile la mke litajwe, maana ni kweli. Lilipokamilika lilisema hivi:

"Mzigua mmoja wa Sindeni aitwaye Mhina ametutoroka leo alfajiri. Amekimbia palizi, kama kawaida yake. Ametuachia jembe lisilo na mpini na mke mzuri ambaye hakumstahili. Sisi Wasambaa tumepungukiwa na mtumwa mvivu kuliko wote tuliokuwa nao, na hatujui tutamtania nani tena. Huko aendako wasimpe shamba, wampe kivuli, akae apumue. Mtani wako, Yasinta."

Chini yake aliweka ile picha ya mihogo iliyomzidi mzee kimo. Meneja wake, Denis, alikuwa safarini na simu yake haikupatikana. Mwongozo ulitaka macho ya watu wawili. Yasinta alijiambia kwamba Husna na mama yake ni watu wawili tayari. Akaliachia.

Jioni ile ukurasa wa shirika ulikuwa kama ua wa msiba. Wazigua na Wasambaa walijaa. Mmoja aliuliza nani atalirithi jembe bovu. Mwingine akasema Wasambaa wamelia sana kwa watu waliopoteza mvivu tu. Mjomba wa Mombo aliandika kwamba ameangua kicheko ndani ya basi halafu machozi yakamtoka, na abiria wenzake wakadhani ana wazimu. Husna alimsomea mama yake yote.

Kesho yake andiko likavuka mipaka ya waliolijua. Mtu asiyefahamika alilipiga picha, akakata mwisho wake, pale penye kivuli na jina la mtani, akaisambaza na maneno yake: hivi ndivyo mashirika ya utafiti yanavyowaona wakulima wetu. Watu wa mijini wakaliokota. Mmoja akaandika, "Oya, hawa jamaa wanamwita marehemu mtumwa, tena mvivu, na ukurasa ni wa shirika kabisa, dah." Kufika mchana, wafadhili wa ng'ambo walikuwa wamelisoma kwa kile kitufe cha tafsiri kilichoko chini ya kila andiko. Kitufe hakina mtani. Kiliwapa mtumwa, kikawapa mvivu, kikawaambia ametoroka.

Denis aliporudi alimkuta Yasinta amekaa ofisini, simu imefunikwa kifudifudi mezani. Alivuta kiti akakaa upande uleule wa meza, si upande wa pili.

"Mimi ni mtu wa Songea," alisema. "Babu yangu alizikwa na watani wamekalia kaburi, wanadai pombe. Sihitaji kuelezwa."

"Basi waeleze wao."

"Nimewaeleza asubuhi yote. Wanasema tukieleza tutaonekana tunatetea. Wanataka andiko lifutwe na ukurasa uombe radhi. Leo."

"Niache niandike mimi maelezo. Niweke watu wa Sindeni wenyewe waseme. Bi Mwantumu mwenyewe aseme."

"Yuko eda, Yasinta. Utampelekea kamera mjane aliye eda ili wazungu watuamini?"

Denis alikuna kidevu akaendelea kwa sauti ya chini. "Na wanataka radhi iandikwe na aliyeliandika la kwanza. Wamesema ndiyo itaonyesha amejifunza. Akikataa, mkataba wake usiendelee. Nimebishana. Nimeshindwa."

"Nipe nafasi niende Sindeni kwanza niwaulize. Mwongozo wetu wenyewe unasema tusimtaje mtu bila kumuuliza."

"Wametoa mpaka jioni."

Yasinta alitoka akasimama ukumbini, akampigia mama yake. Mama Filomena alikuwa mgonjwa wa sukari, na mguu mmoja ulikuwa na kidonda kilichosafishwa hospitalini kila juma. Kadi ya bima iliyomfungulia mlango wa hospitali ilitoka kwenye kazi ya Yasinta. Hakumwambia hilo. Alimwambia tu kwamba ofisi inataka awaombe radhi watu wa Sindeni.

"Radhi ya nini?"

"Ya utani, mama."

"Sasa ukimwomba radhi mtani, si umemwambia kwamba ulimtukana? Umesema kila siku ulipokuwa unamtania ulikuwa na lako moyoni. Hapo hamna utani tena, mwanangu. Mmebaki Mzigua na Msambaa waliotukanana."

"Najua."

"Kama unajua, usiandike. Hiyo kazi ya simu watampa mwingine, wewe utarudi redioni. Kwani nakula nini mie, mihogo ipo."

"Mguu unaendeleaje?"

"Mguu unaendelea. Wamesema wanaweza wasikate. Usiandike, Yasinta."

Alirudi mezani akaandika. Denis alisoma mara mbili, akamwomba abadilishe mstari wa mwisho, kwa sababu wafadhili walitaka mchango wa marehemu utambuliwe. Walitoa sentensi yao tayari, Yasinta akaitafsiri kwa Kiswahili bila kupunguza neno. Andiko la Mhina likafutwa, na maoni yote yaliyokuwa chini yake yakaondoka pamoja nalo, ya mjomba wa Mombo na ya wengine wote. Mahali pake pakakaa hili:

"Shirika linaomba radhi kwa dhati kwa familia ya marehemu Mzee Mhina na kwa umma kwa maneno ya kudhalilisha yaliyochapishwa katika ukurasa huu. Maneno hayo yalikuwa kosa na hayakupaswa kusemwa. Mwandishi wake ametambua kosa lake na analijutia. Marehemu alikuwa mdau wetu muhimu katika utafiti."

Ujumbe wa Husna uliingia kabla Yasinta hajafunga ofisi. "Dada, nimemsomea mama. Anauliza kama ulikuwa unamaanisha."

Yasinta alipiga, simu haikupokelewa. Akaandika maelezo marefu: wafadhili, tafsiri, mkataba, jioni. Aliposoma aliona yote ni kweli na hakuna hata moja linalojibu swali. Akafuta mengi, akatuma kwamba hakumaanisha hata kidogo, ofisi ndiyo iliyotaka. Husna akajibu baadaye, "Sawa, dada. Tumeelewa."

Kazi iliendelea. Aliposti pingili mpya za mbegu ya muhogo zilivyosafirishwa, mafunzo ya wakulima, siku ya wazi ya shamba. Wazigua waliokuwa wakimchokoza chini ya kila picha walinyamaza. Wakati mwingine mmoja aliandika "Asante kwa taarifa", na Yasinta aliitazama ile asante kwa muda mrefu. Mguu wa Mama Filomena ulianza kufunga. Alipouliza mambo ya Sindeni yaliishaje, Yasinta alisema yalikwisha, na mama hakuuliza tena. Walizungumzia mvua.

Khitma ya arobaini ilipotangazwa, Yasinta aliomba ruhusa, akanunua sukari na mchele, akapanda basi. Njiani alikuwa akipanga atakachosema mlangoni. Alikuwa na maneno mazuri juu ya Wazigua kuleta watu wote hawa kwa sababu ya mtu asiyejua kutia mpini jembe. Aliyarudiarudia kimoyomoyo mpaka yakamkaa ulimini.

Alifika uani watu wakiwa wamekaa, wanaume upande wa kivulini, wanawake kwenye mikeka karibu na jiko. Mustafa alimwona wa kwanza. Alisimama, akavua kofia.

"Karibu, mama. Pole na safari."

Kijana mmoja aliitwa, akaleta kiti cha plastiki, kikafutwa vumbi kwa kanga. Wakakiweka mbele, peke yake, wanawake wengine wote wakiwa chini. Yasinta alisema hahitaji kiti, atakaa na wenzake, na yule mama aliyekuwa karibu alimgusa mkono kwa upole. "Kaa, mgeni wetu. Umetoka mbali."

Akakaa. Maneno aliyoyapanga yalikuwa bado ulimini. Alimtazama Mustafa, akajilazimisha kucheka, akasema, "Wazigua mmekusanyika kama mnamzika mfalme, kumbe ni yule asiyejua kutia mpini."

Wale waliosikia walitazama chini. Hakuna aliyekasirika. Mzee mmoja alikohoa, mwingine akauliza maji ya kunawa yako wapi, na mazungumzo yakasogea upande mwingine taratibu, kama watu wanavyofanya mtoto wa wenyewe anapovunja kikombe.

Husna alimletea chakula kwenye sahani, pamoja na kijiko. Wengine walikula kwenye sinia. Alimwagia maji mikononi akiwa ameinama, na Yasinta alimshika kiganja. "Husna."

"Kula kwanza, dada."

Kisha akapelekwa ndani kwa Bi Mwantumu. Mjane alikuwa amekonda, mavazi ya eda yamemzidi. Alipokea sukari na mchele kwa mikono miwili akamshukuru, akamuuliza habari za Mashewa, za mama, za mguu. Aliuliza kila jambo kwa utaratibu, na kila jibu alilisindikiza kwa kumshukuru Mungu.

"Bi Mwantumu," alisema Yasinta, "sikumaanisha. Wewe ulikuwepo. Lile la mke mzuri ulilitia wewe."

"Nililitia mimi." Mjane alikunja pindo la kanga, akalikunjua. "Nilicheka siku ile, mwanangu. Nilikuwa najiambia, haya ndiyo yatakayonibeba. Nikikumbuka jeneza, nitakukumbuka na wewe umekaa njiani na kuku mapajani, nitacheka tena. Halafu Husna akanisomea lile la pili. Sasa nikikumbuka najiuliza, kwani nilimcheka mume wangu anatukanwa?"

"Hakutukanwa."

"Uliandika ametukanwa. Nchi nzima imesoma." Alisema bila ukali. Alinyoosha mkono akamshika Yasinta begani, kama mtu anavyomshika mtu wa ofisi aliyekuja na habari isiyo yake. "Sina kinyongo na wewe. Uliomba radhi na mimi nimekuwia radhi. Nifanye nini zaidi?"

Kilichobaki kwa Yasinta kuomba ni atukanwe tena kama mtani, na hilo haliombwi.

Jua lilipopungua, Mustafa alichukua mkoba wa Yasinta akambebea mpaka barabarani. Alitembea hatua moja nyuma yake. Walisimama wakilisubiri basi la Korogwe, na upande wa pili wa barabara mihogo ya majaribio ilikuwa imestawi, majani mapana, hakuna aliyejua bado kilichoko chini.

"Mzee Mustafa," alisema Yasinta, "niite mjakazi. Mara moja tu."

Mustafa alitazama viatu vyake. Alionekana kujaribu, midomo ilisogea, kisha ikatulia.

"Basi linakuja, mama," alisema. Akalipungia mkono lisimame, akamshika kiwiko kumsaidia kupanda, akamwambia kondakta amtafutie kiti kizuri dirishani. Akabaki pale ukingoni, kofia mkononi, mpaka basi lilipoondoka.